Njia za Meli, Barafu ya Kaskazini na Mshahara wa Mfanyakazi wa Uganda



Kila tunapokutana katika matawi kuna swali linaloulizwa. Matajiri wanasema gharama za usafirishaji zimepanda kwa sababu ya mambo ya baharini. Redio nayo inasema mataifa makubwa yanagombea njia ya meli iliyoko kwenye barafu, huko juu kabisa ya dunia. Sisi watu wa viwandani na mashambani, ambao nchi yetu haina bahari hata ya kunawia mikono, mambo hayo yanatuhusu nini?

Nitajibu kwa kadiri ya elimu yangu, ambayo ni ya shule ya msingi pamoja na miaka ya kukaa mezani kupigania mishahara. Jibu kwa ufupi ni kwamba yanatuhusu sana, ila si kwa namna tunavyoambiwa.

NJIA YA BARAFU

Tuanze huko mbali. Chukua chungwa. Weka alama moja mahali pa Japani na nyingine mahali pa Ulaya. Utaona kwamba njia fupi ya kutoka alama moja hadi nyingine haizunguki tumbo la chungwa, bali inapanda juu karibu na kikonyo. Dunia nayo ni hivyo hivyo. Meli itokayo Yokohama kwenda Rotterdam kwa kupitia mfereji wa Suez husafiri karibu km 20,000. Ikipanda kaskazini na kufuata pwani ya Urusi katika Bahari ya Aktiki, safari huwa chini ya km 15,000. Mwenye meli huokoa mafuta, siku na posho za mabaharia.

Kwa nini basi meli zote zisipite huko? Kwa sababu ya barafu. Bahari hiyo huganda ikawa ngumu kama sakafu ya saruji. Mtu wa kwanza kuimaliza njia ya upande wa Urusi alikuwa Nordenskiöld, mwaka 1878 hadi 1879, na meli yake iliganda katika barafu karibu miezi kumi kabla ya kufika. Upande wa Kanada aliumaliza Amundsen wa Norway, safari iliyoanza mwaka 1903 ikaisha mwaka 1906. Huo haukuwa mwendo wa biashara.

Siku hizi dunia imepata joto na barafu inapungua. Mwezi wa Septemba 2012 eneo lake lilipungua kuliko wakati wowote tangu setilaiti zianze kulipima. Kwa hiyo kuna miezi michache, tuseme kuanzia Julai hadi Novemba, ambapo meli zinaweza kupita, nyingine zikitanguliwa na meli nzito za kuvunja barafu. Urusi inazo hizo, na baadhi yake zinaendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Meli ikitaka kupita lazima iombe ruhusa ya Urusi, na ikitanguliwa na mvunja barafu lazima ilipe. Njia hiyo, kwa hiyo, ni bahari na wakati huo huo ni lango lenye mlinzi.

Urusi inaitaka njia hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, mali yake iko huko: gesi ya Yamal ilianza kusafirishwa kwa meli mwaka 2017. Pili, anayeshika lango hushika na maneno ya wapitao. Marekani na Kanada, ambazo ni marafiki wa siku zote, nazo zinabishana juu ya njia ya upande wao: Kanada inasema ni maji yake ya ndani, Marekani inasema ni njia ya kimataifa. China ilitoa waraka wa sera yake mwezi wa Januari 2018, ikajiita nchi iliyo karibu na Aktiki, ikazungumzia njia ya hariri ya ncha ya dunia. Mwaka 2025 meli ya kontena iitwayo Istanbul Bridge ilitoka Ningbo, China, ikafika Felixstowe, Uingereza, kwa kupita huko, safari ya siku kama 20.

Tusidanganyike na kelele lakini. Mwaka 2024 shehena zote zilizopita upande wa Urusi zilikuwa kama tani milioni 38, na nyingi ni mafuta na gesi ya Urusi yenyewe. Mfereji wa Suez katika mwaka wa amani hupitisha zaidi ya tani bilioni moja. Makampuni makubwa kama MSC, CMA CGM na Hapag-Lloyd yalitangaza kwamba hayatapita kaskazini. Bima ni ghali, bandari za kukimbilia ni chache, na meli ikivuja mafuta katika barafu hakuna wa kuyazoa. Na mwenye kontena hataki ahadi ya "barafu ikipenda", anataka tarehe.

Lakini kuna jambo moja hapo nataka tulishike. China haina hata hatua moja ya pwani katika bahari ile. Ukitazama ramani utaiona iko mbali nayo kabisa. Hata hivyo imekaa, imeandika sera, imejenga meli, imetuma wataalamu, kwa sababu inajua bidhaa za viwanda vyake zitapita wapi miaka ijayo. Kumbe kutokuwa na pwani si sababu ya kunyamaza juu ya bahari.

WALIOLALA KASUBI WALILIJUA HILI

Mimi naandika kutoka Kasubi, Kampala. Wengi wenu mmewahi kupita hapa mkielekea Hoima, na mnajua kwamba kwenye kilima chetu yako makaburi ya Makabaka wanne: Muteesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Muteesa wa Pili. Nyumba kubwa ya makaburi iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, ikaanza kujengwa upya. Wageni huja kuipiga picha. Ni wachache wanaojua kwamba wakubwa waliolala humo walisumbuliwa na jambo hili hili la njia ya bahari.

Zamani za Muteesa wa Kwanza bidhaa za pwani zilifika Buganda kutoka kusini. Wafanyabiashara wa Unguja walipanda kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, halafu Karagwe, mpaka kwa Kabaka. Kitambaa na bunduki zilikuja kwa njia hiyo. Pembe za ndovu zilirudi kwa njia hiyo, na watumwa pia, jambo ambalo halifai kufichwa. Speke alifika kwa upande huo mwaka 1862. Hata Stanley, mwaka 1875, alivuka ziwa akitokea kusini.

Upande wa mashariki, kupitia Busoga, ulikuwa umefungwa. Ilisemwa katika Buganda kwamba atakayeiteka nchi atatokea mashariki. Mwaka 1885 Askofu Hannington alikuja kwa njia hiyo ya mashariki, akiona ni fupi. Mwanga akatoa amri, na mwezi wa Oktoba askofu akauawa Busoga pamoja na wapagazi wake wengi. (Jina la askofu limo katika vitabu vyote. Majina ya wapagazi, waliokuwa wafanyakazi wa usafirishaji wa siku zile, hayamo.) Mauaji yale hatuyatetei. Ila Mwanga hakukosea kuhusu njia. Mwezi wa Desemba 1890 Lugard aliingia Kampala akitokea Mombasa, yaani mashariki, na mwaka 1894 nchi ikawa chini ya Uingereza. Mwanga alifia Shelisheli mwaka 1903, katikati ya bahari, na mwili wake ukarudishwa Kasubi mwaka 1910.

Je, Mwingereza alifuata nini huku? Hapa ndipo kisa kinapofanana na barafu ya kaskazini. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869 na kuipunguza sana safari ya kutoka London kwenda Bara Hindi. Uingereza ikanunua hisa za mtawala wa Misri katika mfereji mwaka 1875, ikaikalia Misri mwaka 1882. Aliyeitaka Suez aliitaka Misri. Aliyeitaka Misri aliwaza maji ya Nile. Na Nile inaanza safari yake Jinja. Watu waliokuwa wakilima ndizi zao Busoga hawakuwa wameusikia mfereji wa Suez, lakini njia hiyo ya meli, iliyo mbali nao maelfu ya kilomita, ndiyo iliyowaletea bendera ya kigeni na reli.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Wahindi kama 32,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na simba. Waafrika waliofyeka na kubeba hawakuhesabiwa hivyo. Iliitwa Reli ya Uganda, na Kisumu wakati ule ilikuwa katika Uganda. Mwaka 1902 mpaka ukasogezwa, na mji huo na reli yote ikabaki upande unaoitwa Kenya leo. Ndivyo tulivyopata reli yenye jina letu isiyokuwa na hata taruma moja katika nchi yetu. Treni ya kutoka pwani iliingia Kampala mwaka 1931 tu, na Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe.

Kahawa, pamba, chai na shaba zilishuka. Mafuta, mashine na nguo zilipanda. Na kila kilichoshuka au kupanda kilishikwa na mikono ya wafanyakazi. Ndiyo maana mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 ulisikika mpaka huku.

MLANGO MMOJA NI HATARI

Kutoka Kampala hadi Mombasa kwa barabara ni kama km 1,170. Sehemu kubwa ya mizigo ya Uganda hupita huko. Mlango mwingine ni Dar es Salaam: reli hadi Mwanza, zaidi ya km 1,200, halafu meli ya ziwani mpaka Port Bell. Ukiitazama vizuri, hiyo ndiyo njia ya Muteesa iliyowekewa chuma.

Mwenye nyumba ya mlango mmoja hulala kwa hisani ya jirani. Tumeona mara nyingi. Mwezi wa Julai 1976, baada ya Waisraeli kuvamia uwanja wa Entebbe, uhusiano na Kenya uliharibika, mafuta na mizigo ikabanwa, magari yakasimama barabarani. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na shirika la reli likagawanywa vipande. Mwezi wa Januari 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli Kibera. Hapa Kampala petroli ikawa dawa adimu, bei yake ikapanda zaidi ya mara mbili, na nauli za matatu zikafuata. Mfanyakazi wa Kawempe au Jinja hakupiga kura Kenya, lakini alilipa.

Mlango wa pili nao tuliuachia kutu. Katika miaka ya 1980 serikali ilinunua meli tatu kutoka Ubelgiji za kubeba mabehewa ya treni: Kabalega, Pamba na Kaawa. Mabehewa yaliingia melini Port Bell na kutoka Mwanza au Kisumu bila mzigo kushushwa. Ilikuwa kazi nzuri. Mwezi wa Mei 2005 Kaawa na Kabalega ziligongana ziwani, Kabalega ikazama, na zile mbili zilizobaki zikasimamishwa kwa miaka mingi. Mizigo ikahamia kwenye malori. Ilipofika mwaka 2018 ndipo meli Umoja ya Tanzania ilipoanza tena kuleta mabehewa Port Bell. Mimi kwa maoni yangu, miaka ile 13 ya ukimya wa ziwa ilitugharimu kuliko mambo mengi yanayojadiliwa bungeni, lakini hakuna aliyeulizwa.

Serikali imeanza kuona. Bomba la mafuta ghafi la km 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga, lilipitishwa Tanzania na si Kenya. Uamuzi wa njia ulifanywa mwaka 2016 na wa fedha mwaka 2022. Mwezi wa Oktoba 2024 Uganda ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli mpya ya km 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Na katika habari ya petroli, mwisho wa mwaka 2023 Uganda iliishtaki Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, kwa sababu shirika letu la taifa la mafuta lilinyimwa leseni ya kupitisha mafuta yake Mombasa. Wakaelewana, na kuanzia Julai 2024 shirika hilo likaanza kuagiza lenyewe.

Sheria ipo upande wetu, angalau kwenye karatasi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema nchi isiyo na bahari ina haki ya kuifikia bahari na kupitisha mizigo yake katika nchi jirani. Inaweza hata kuwa na meli zenye bendera yake. Lakini mkataba huo huo unasema masharti ya kupita yatapatanwa na jirani mwenyewe. Kwa hiyo haki ni yako, ufunguo ni wa mwenzako.

BAHARI YA SHAMU NA MEZA YA MISHAHARA

Sasa tuje kwenye lile tunaloambiwa na matajiri. Mwezi wa Machi 2021 meli Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama katika mfereji wa Suez siku sita, na mamia ya meli zikasubiri. Hiyo ilikuwa ajali. Kuanzia Novemba 2023 likaja kubwa zaidi: Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu. Makampuni mengi ya meli yakaacha Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, kama alivyofanya Vasco da Gama. Safari ya kwenda Ulaya ikaongezeka siku kumi hadi kumi na nne, bima ikapanda, na kodi ya kontena ikapanda.

Katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja, wawakilishi wetu walipodai nyongeza waliambiwa: "Bahari ya Shamu imefungwa, hakuna pesa." Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na la kujibu, kikao kikafungwa. Jambo hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala hii, kwa sababu jibu lilikuwepo.

Si kila mzigo wa Uganda unapita Bahari ya Shamu. Chukueni ramani. Mafuta ya mawese yanayotengenezewa sabuni hutoka Malaysia na Indonesia. Hukata Bahari ya Hindi moja kwa moja mpaka Mombasa. Nguo, vipuri na plastiki za China, na dawa za India, ni hivyo hivyo. Mizigo hiyo haikuzungushwa Rasi. Ngano ya Urusi na Ukraine, ambayo hutoka Bahari Nyeusi, ndiyo hupita Suez. Mbolea na mashine kutoka Ulaya pia. Kwa hiyo swali la kwanza la mwakilishi ni: malighafi yetu inapakiwa bandari gani?

Tajiri anaweza kujibu kwamba hata meli za China zilipandisha bei. Hapo hasemi uongo. Meli zikizunguka mbali hukaa njiani siku nyingi, meli na kontena zikaadimika, bei ikapanda kwa wote. Lakini kupanda kwa aina hiyo ni tofauti na kufungwa kwa njia: huja, hufika juu, halafu hushuka. Swali la pili basi ni: mlinunua kwa mkataba wa tarehe gani, na bei iliposhuka, nafuu ilikwenda wapi? Sijasikia hata mara moja tajiri akiita kikao kutangaza kwamba nauli ya meli imeshuka.

Kwa wenzetu wa mashambani hesabu ni nyingine kidogo. Chai ya Uganda, iwe ya Mityana, Kyenjojo au Bushenyi, kwa sehemu kubwa huuzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa dola. Bei inatajwa kule, mbele ya bahari. Kutoka katika bei hiyo unatolewa mlolongo wote: lori la kutoka Toro, foleni ya mpakani, ghala la Mombasa, dalali, karatasi. Kinachobaki kinarudi shambani, na ndani ya hicho kilichobaki ndimo ilimo ratili ya mchumaji. Nauli ya meli ya kutoka Mombasa kwenda mbele analipa mnunuzi. Ila mnunuzi si mjinga: akijua meli ni ghali, hupunguza bei anayotaja mnadani. Mnunuzi mkubwa wa mnada ule ni Pakistan, na meli ya kwenda Karachi haikaribii Bahari ya Shamu. Meli ya kwenda Misri au Uingereza ndiyo hupita huko. Mwakilishi wa wachuma chai akijua chai ya shamba lake hununuliwa na nani, tayari ameshika nusu ya mazungumzo.

Kahawa ndiyo iliyoguswa zaidi, kwani mnunuzi wetu mkubwa ni Italia, na njia ya Italia ni Suez. Katika mwaka wa 2023/24 Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60, yaliyoingiza zaidi ya dola bilioni moja. Makontena yalichelewa, wauzaji wakalalamika, na wengine walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu hulipwa mzigo ukifika. Lakini katika mwaka huo huo bei ya kahawa duniani ilipanda sana. Kwa hiyo aliyesema hana pesa kwa sababu ya Bahari ya Shamu alieleza upande mmoja wa daftari tu.

JE, BARAFU ITATUSAIDIA AU ITATUDHURU?

Wako wanaosema njia ya kaskazini ikikua, meli kubwa zitahama huku na bandari zetu zitabaki kama stesheni isiyo na treni. Mimi siogopi hivyo. Kahawa ya Masaka haitakwenda Trieste kwa kupitia Urusi. Mombasa na Dar es Salaam hazikai kwenye barabara kuu ya meli kubwa za China na Ulaya. Mizigo yao mingi hupokelewa katika bandari kama Jebel Ali, Salalah au Colombo na kuletwa kwa meli ndogo zaidi. Ikiwa meli chache za barabara kuu zitapanda kaskazini miezi minne kwa mwaka, bado watu wa dunia watakunywa chai.

Kinachotugusa ni joto lenyewe. Joto lile linaloyeyusha barafu ya Aktiki linayeyusha na barafu ya Rwenzori, ambayo tangu mwaka 1906 imepungua ikabaki kipande kidogo tu. Mwezi wa Mei 2020 mvua zililijaza Ziwa Viktoria mpaka kipimo cha Jinja kikafika mita 13.42, kiwango ambacho hakikuwahi kuandikwa kabla. Gati na mialo ilifunikwa na maji, nyumba za wavuvi na vibarua zikaondoka. Kwa hiyo joto linalowafungulia wenzetu njia huko kaskazini ndilo lile lile linaloiweka hatarini njia yetu ya ziwa, na chai na kahawa zenyewe.

MADEREVA WA MALABA

Ningependa kumaliza na wafanyakazi ambao mara nyingi tunawasahau tunapozungumza juu ya njia. Mwezi wa Januari 2022 madereva wa malori waligoma Malaba na Busia. Uganda ilikuwa imeweka amri kwamba kila dereva anayeingia apimwe korona na kulipa kama dola 30, hata kama alikwisha pimwa upande wa Kenya. Dereva anayevuka mara kadhaa kwa mwezi angelipa kiasi kinachomeza posho yake. Wakasimamisha magari. Foleni ikarefuka makumi ya kilomita ndani ya Kenya, watu wakilala chini ya matela. Baada ya siku chache petroli ikaadimika Kampala, na bei mahali pengine ikavuka mara mbili ya kawaida. Mwishoni serikali ikaondoa malipo hayo, malori yakaanza kutembea.

Wengi tuliokuwa Kampala tuliwalaumu madereva kwa bei ya petroli. Magazeti pia. Ni wachache waliouliza kwa nini gharama ya afya ya nchi mbili iliwekwa mfukoni mwa mtu mwenye usukani. Mkae mkijua kwamba katika kila njia ya bidhaa, iwe ya barafu au ya vumbi, gharama hutafuta mtu wa mwisho asiyekuwa na chama, ikatua hapo.

Kwa matawi yanayojiandaa kwa mazungumzo ya mishahara: tajiri akitaja gharama za njia, ombeni kwa barua mambo haya kabla ya kikao. Bandari ya kupakia malighafi. Hati ya shehena ya meli. Tarehe ya mkataba wa nauli na kiwango chake, cha mwaka huu na cha mwaka uliopita. Ankara za lori au za reli kutoka Mombasa au Dar es Salaam. Kwa mashamba ya chai, bei za mnada za miezi sita na makato yote hadi shambani. Baadhi ya matajiri watasema karatasi hizo ni siri ya kampuni. Katika kila kiwanda yuko karani wa stoo anayezipokea na kuzipanga kwenye faili, na mara nyingi naye ni mwanachama.